Mpira wa Watu Hurudishwa

Majira hayo ya joto dada yangu alikuwa na miaka tisa, na alishajitia matatani kabla hatujatoka Louisville. Alimwambia binamu yetu wa Buffalo kwenye simu kwamba tutapitia uwanja mkubwa wa besiboli na atamletea mpira uliochezewa kweli. Binamu, mwenye miaka kumi na moja na mdomo wa miaka arobaini, alimcheka na kumwambia asijisumbue kuja mikono mitupu. Tangu siku hiyo dada alilala na glavu ya kuazima kwa jirani.

Tiketi tulipewa na shangazi wa Hilliard, tulikolala njiani. Alizipata nne ghalani anakofanya kazi, ila Jumamosi hiyo alikuwa na zamu. Kwa hiyo papa, mama, dada na mimi tukajikuta Cleveland, mchana wa jua kali, kwenye viti vilivyo nyuma ya ukuta wa uwanja. Papa alivaa koti na tai. Kwake, popote panapokusanyika watu zaidi ya hamsini ni kanisa.

Saa nzima ikapita. Papa akaniuliza kwa upole kama hawa bado wanapasha misuli au mechi imeanza. Nikamwambia bado wanapasha. Akatikisa kichwa, akaendelea kusubiri.

Ndipo mchezaji wa timu ngeni akaupiga mpira, ukavuka ukuta, pointi kwa wageni, ukaja kwetu. Wote uwanjani walisimama. Mama alijifunika kitenge usoni. Mpira uligonga kiti kitupu mbele yetu, ukaruka, na dada akaudaka kwa ile glavu kama aliyezaliwa nayo.

Hapo lazima nieleze jambo. Papa alikuwa beki wa soka kwetu Uvira, na timu yao ilikuwa na mpira mmoja tu. Ukitoka nje, aliyeuokota aliurudisha, la sivyo mechi imekwisha na yeye anatafutwa. Zaidi ya hapo, mashabiki wa Cleveland wana desturi yao: mpira uliowaumiza, uliopigwa na wageni, hawautaki. Wakaanza kupiga kelele safu nzima kwamba urushwe.

"Unasikia? Wanadai mpira yao," papa akamwambia dada. "Rudisha mpira ya watu."

Dada aliukumbatia kifuani, akasema kwa Kiingereza kwamba ni wake. Papa akaniangalia mimi, msomi wa familia. Mimi nilijua kabisa kwamba mpira ukishaudaka ni wako. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuona mzee anarusha mpaka wapi.

Papa akamnyang'anya dada mpira, akarusha mbali, tai ikipepea begani. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Watu tusiowajua walimpiga mgongo, mmoja akamletea soda. Papa akakaa, akarekebisha koti, akasema donc, kumbe Amerika bado kuna watu wanaheshimu uaminifu.

Tulipoingia garini dada alianza kulia. Tulipofika Erie nilishindwa kuvumilia zile kwikwi nyuma yangu, nikamweleza papa ukweli, pamoja na habari ya binamu. Nilitegemea kofi. Papa hakunigusa. Alizima redio, akaendesha hivyo hadi Buffalo, na mama alimtazama upande wa uso kilomita zote hizo bila kumsaidia hata kidogo.

Binamu alitusubiri kwenye ngazi za nyumba yao, mtaa wa Lower West Side, mkono umeshanyooshwa. Dada alimwambia aliudaka, ila papa akaurudisha. Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema angalau angetunga uongo wenye miguu.

Kwetu mgeni hali kitu kabla ya sala ya kushukuru kwa safari, na sala hiyo huiongoza papa. Tulisimama sebuleni, macho yamefungwa, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikinukia. Papa akashukuru kwa barabara, kwa matairi, kwa shangazi wa Hilliard. 

"Baba Mungu, wewe uliona," akasema. "Ule mpira, huyu mtoto aliushika kwa mkono yake. Mimi nilimunyanganya mbele ya watu, na nikakubali makofi. Unisamehe. Na yeye anisamehe."

Nilifungua jicho moja. Binamu alikuwa amefungua yote mawili, mdomo wazi, lakini utambishia vipi mtu anayeongea na Mungu? Wote tulimsubiri dada, chakula kikipoa.

"Amina," akasema mwishowe, kwa Kiswahili.