Maji ya Mtagata Hayaponyi Malale

Mimi ni Sospeta, mkulima wa Nyaishozi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa pia kiongozi wa wageni. Nawaandikia ninyi mnaoumwa na ninyi mnaouguza, mjue kwamba mtu anaweza kwenda mbali sana katika ugonjwa na bado akarudi. Mimi nilifika mahali ambapo sikumtambua mwanangu wa kumzaa. Leo ninapalilia kibanja changu cha migomba kwa mikono yangu na ninakula kama watu wawili.

Nianze na jinsi nilivyokuwa. Katika miaka ya themanini, vita vya Kagera vikiwa vimepita na watu wamerudia migomba yao, walianza kuja kwetu Wazungu wa kujitolea, walimu na mafundi, waliopenda kutumia likizo yao kutembea kwa miguu. Tulishangaa sana. Mtu ana gari, analiacha Kaisho, anajibebesha mzigo mgongoni na kuteremka mabonde kwa raha zake! Lakini mimi nilikuwa na miguu mizuri na mdomo mzuri zaidi, wakanichukua kuwaongoza. Mwenzangu alikuwa jirani yangu Petro, mpishi na mpagazi, mtu mpole asiyesema mpaka aulizwe.

Safari yetu ilikuwa ya siku tano. Tulianzia kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, tukaingia pori la akiba la Ibanda pamoja na askari wa wanyamapori, tukashuka hadi Mto Kagera. Huko tulipanda mitumbwi ya kuchonga na kupita kando ya mafunjo, tukiwatazama viboko kwa mbali. Wageni walipanda vilima, wakateleza, wakachubuka magoti, wakacheka. Niliipenda kazi ile mno.

Pale Mtagata ndipo nilipong'ara. Niliwaambia wageni waloweke miguu, kisha nikaanza kuwahubiria: maji haya yanaponya baridi yabisi, upele, homa, hata huzuni. Ni kweli watu wetu wengi huenda kuoga pale, wengine wakakaa siku kadhaa kwenye vibanda vya nyasi. Lakini hayo ya homa na huzuni niliyaongeza mwenyewe ili wageni wafurahi. Niliyasema miaka mitano mfululizo, na mtu akirudia jambo miaka mitano mwishowe analiamini.

Safari iliyoniponza ilikuwa baada ya mvua za masika. Mbung'o walikuwa wengi ajabu. Wageni walijipiga makofi njia nzima, lakini mimi sikujipiga hata moja, maana niliona si heshima kiongozi kurukaruka mbele ya wageni wake. Tena nilikuwa nimevaa koti la buluu iliyokoza nililozawadiwa na mgeni wa mwaka uliotangulia, koti lenye mifuko sita.

Askari akaniambia, "Sospeta, vua hilo koti. Mbung'o wanaipenda sana rangi hiyo."

"Waache nao waone kitu kizuri," nikamjibu, tukacheka.

Mmoja aliniuma shingoni, nyuma ya sikio. Nilimwacha amalize.

Baada ya siku kama kumi pakatokea uvimbe mwekundu palepale, mgumu, ukubwa wa buni, unauma nikilalia upande ule. Nikadhani ni jipu. Ulipopungua ikaja homa, na kichwa kikauma mpaka machoni. Tezi za shingo zikavimba. Nikaenda zahanati, nikapewa dawa za malaria. Homa ikaondoka siku tatu, ikarudi. Mganga hakuniuliza nilikotembea, nami sikumwambia. Alimwona mkulima mwenye homa, na kwetu nani hapati homa? Kosa lilikuwa langu, mimi niliyewasimulia wageni habari za pori lote nikashindwa kumsimulia mganga neno moja.

Kufikia wiki ya nane nilikuwa mtu mwingine. Mwili uliniwasha bila upele. Mikono ilitetemeka nikishika kikombe. Mambo ya chumbani yaliisha kabisa, na niliona aibu kumweleza mke wangu, ingawa hapakuwa na haja ya kumweleza. Usiku nilikaa macho, mchana nililala. Nililala nikiwa nimeshika jembe. Nililala kanisani nimesimama, katikati ya wimbo. Majirani wakasema ni rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Siku hizo nilikuwa sijaionja kwa mwezi mzima.

Mke wangu ni Veneranda. Wazazi wake walitoka Rwanda, na ni mwanamke wa maneno machache na mkono imara. Siku moja aliniletea ndizi na maharage, nikaitupa sahani nje na kumwambia amenitilia sumu. Mwanetu Koku, wa miaka sita, akaenda kuokota maharage kwenye vumbi huku analia. Nilikuwa sijawahi kumtendea mke wangu jambo la namna ile, na mpaka leo linaniuma kuliko sindano zote nilizochomwa.

Veneranda akasema, "Baba Koku, twende hospitali Nyakahanga."

"Nyakahanga kufanya nini? Nipeleke Mtagata. Maji yale yanaponya homa."

"Nani kakwambia?"

"Mimi mwenyewe!" nikasema, nikidhani nimejibu.

Nilikuwa mkali, wakaogopa kunipinga. Petro alinipakia kwenye baiskeli, kisha tukapata lori, na Veneranda akafuata na Koku. Nilikaa Mtagata siku sita, nikijiloweka asubuhi na jioni. Mambo ya siku zile mengi sikumbuki. Nasimulia nilivyosimuliwa.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, nililala ndani ya maji. Sikuteleza wala sikuzimia. Nilisinzia tu nikiwa nimekaa, nikashuka taratibu mpaka mapovu yakatoka. Kando yangu alikuwapo mama mmoja mnene kutoka Muleba aliyekuja kwa ajili ya magoti. Alinikamata nywele akanivuta juu, nikatapika maji, na kabla hajaniachia nikawa nimelala tena mkononi mwake.

"Mawe!" akapiga kelele, akimwita mama kwa lugha yetu. "Mwenye mtu huyu ni nani? Mimi nimezoea wagonjwa wa hapa. Huyu hakuja kuoga, huyu analala! Mtoeni hapa, waitu jamani, mtafutieni daktari kabla hajafia kwenye maji yetu."

Veneranda hakuniuliza tena nataka nini. Koku alipokuja kunifuta uso, nilimsukuma na kuuliza mtoto huyu ni wa nani. Siku ileile tulipanda lori la kahawa, Petro naye pamoja nasi.

Hospitalini Nyakahanga, daktari alinitazama kope, akanishika shingo, kisha akamgeukia mke wangu.

"Shikamoo daktari," Veneranda akasema, ingawa daktari alikuwa kijana.

"Marahaba, mama. Kabla hajaugua alikuwa wapi?"

"Porini, na wageni."

"Pori lipi?"

"Ibanda."

Daktari akaweka kalamu chini. Wakanitoboa kidole, wakapeleka damu kwenye hadubini. Kisha wakanikunja kama mtoto aliye tumboni, wauguzi wawili wakinishika, wakanichoma uti wa mgongo kuchukua maji. Jibu likaja jioni: malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na wadudu wamekwisha fika kwenye ubongo.

"Atapona?" Veneranda akauliza.

"Dawa ipo, lakini ni kali. Wako wachache ambao dawa yenyewe huwadhuru, hata kuwaua. Ila bila dawa, mama, hatapona. Sikufichi."

"Mpeni."

"Nani mwingine alikuwa naye kule porini?"

Petro alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ndoo yangu. Akasema polepole, "Mimi, daktari. Nami nina homa wiki ya pili. Niliona ya mwenzangu ndiyo kubwa, nikanyamaza." Wakampima papo hapo. Alikuwa nao katika damu, ila kichwani walikuwa hawajafika. Akalazwa kitanda cha tatu kutoka changu, akapewa dawa nyepesi zaidi, na akatoka mapema akiwa mzima.

Mimi nilikaa zaidi ya mwezi. Dawa ile waliivuta kwa bomba la kioo, na ilipoingia kwenye mshipa iliunguza mkono mpaka kwapani, kikohozi kikanishika na harufu yake ikanijaa puani. Walinichoma siku kadhaa mfululizo, wakanipumzisha, wakaanza tena. Nyayo zilichoma kana kwamba nakanyaga majivu ya moto. Ngozi ya viganja ilibanduka. Katika awamu ya pili nilipata degedege, na muuguzi akamwambia Veneranda asali. Yeye alisali huku amenishika miguu yote miwili nisianguke kitandani.

Nilizinduka polepole. Asubuhi moja nilisikia njaa, njaa ya kweli, nikaomba chumvi. Siku iliyofuata Veneranda akamleta Koku mpaka kitandani, akaniuliza kwa sauti kavu, "Huyu ni nani?"

"Si Koku? Mbona amekonda hivi?"

Veneranda alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amekaa kwenye nyasi, amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Mwanamke yule hakulia tulipomzika baba yake.

Kwa miaka miwili niliitwa mara kwa mara kupimwa maji ya mgongo, na kila mara nilikuwa safi. Namshukuru Mungu aliyenirudishia akili zangu. Nawashukuru daktari na wauguzi walionibadilishia shuka bila kukunja uso, na mama wa Muleba ambaye hata jina sikumuuliza. Magoti yake yapate nafuu popote alipo. Wageni niliendelea kuwaongoza miaka mingine minne, nikiwa na shati la rangi ya vumbi, na mbung'o nikiwapiga bila haya.

Ushauri wangu si mrefu. Ukienda porini, kuwinda, kukata kuni au kutembeza watu, kisha ukashikwa na homa, mwambie mganga ulikokwenda kabla hajakuuliza. Na ninyi wenye ndugu anayelala mchana na kuwaka hasira usiku, msikimbilie kusema ni pombe au ni uchawi. Mpelekeni akapimwe, hata akiwatukana.

Sasa nina afya tele. Jambo moja tu limebaki nyumbani kwetu. Nikisinzia kidogo baada ya chakula cha mchana, kama mtu yeyote aliyelima tangu alfajiri, Veneranda huacha kazi yake, hata kama mikono imejaa unga, akaja kunitingisha bega.

"Baba Koku, upo?"

Watoto humcheka. Mimi simcheki. Hufumbua macho, nikamtazama vizuri mpaka aridhike, nikamjibu, "Nipo, mama. Nipo."