Msiba wa Mboji Kule Mgeta

Nilipokuwa nafundisha wakulima wa Mgeta kutengeneza mboji, tulifanyia mazoezi shambani kwa mama mmoja mwenye kabichi nzuri na kichwa kigumu. Kona tuliyorundikia majani, mabua na samadi ilikuwa ardhi ya ukoo, na ukoo wa Waluguru hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mjomba wake. Mjomba alitaka kujenga banda la mbuzi pale pale. Akampa sharti: siku ya kufunga mafunzo rundo likiwa na joto, kona inabaki ya mama, likiwa baridi, mbuzi wanahamia.

Nieleze kidogo. Mboji huiva kwa joto lake lenyewe. Unachomeka kijiti katikati, unakiacha, kisha unakichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea huko ndani. Cha kwetu kilitoka baridi, kimejaa vumbi.

"Limekosa maji," nikamwambia.

"Mwalimu, maji nayapandisha kutoka bondeni kwa kichwa. Ninyweshe takataka, kabichi zinaniangalia?"

Nikaeleza tena, taratibu, kwamba hata unga ukiuweka jikoni bila maji hupati ugali. Akacheka, akalifunika rundo kwa majani ya migomba, akatangaza kwamba atakayeligusa watakutana kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kulikuwa na watu wa aina moja tu ambao tangazo hilo halikuwahusu: watani wake. Kwa asiyeujua utani wa koo, mtani anaruhusiwa kukutukana, kuchukua kuku wako, hata kuchekesha watu msibani kwako, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Mmoja wao, mzee mwenye pengo, alikuwa mwanafunzi wangu, akisinzia nyuma kila somo. Nikamnong'oneza kwamba kwa yule mama kuna marehemu hajaoshwa. Sikuongeza neno.

Asubuhi yake tulimkuta mzee yule amejifunga kanga kichwani, analia kando ya rundo, watani wenzake wamepanga ndoo.

"Marehemu alikuwa wa baridi tangu azaliwe," aliomboleza. "Na mama yake alimnyima hata maji ya kunywa."

"Toka hapo, mchawi wewe," mama akasema, lakini mdomo ulishaanza kumcheza.

"Mfiwa hagombi. Kaa mkekani."

Akakaa. Wakamfunua marehemu, wakamgeuza ubavu kwa ubavu kwa majembe, wakammwagia ndoo baada ya ndoo. Mimi nilikuwa nyuma nikiwaambia wanafunzi wengine watazame vizuri, maana hivyo ndivyo mboji inavyogeuzwa.

Wiki iliyofuata, siku ya kufunga, mjomba alifika na fito za banda begani.

"Shikamoo, mjomba," mama akasema, akamwonyesha kijiti akichomoe mwenyewe.

Mjomba akakichomoa, akakiangusha, akapuliza vidole. Kisha akaangalia fito zake na kuuliza, kwa sauti ya chini, kama jirani ana nafasi ya kuziweka.

"Marehemu amefufuka," mtani akasema. "Sasa gharama za mazishi analipa nani?" Tayari alikuwa na jogoo wa mama kwapani.

Mama akachukua ndoo mbili, moja akamsukumia yeye.

"Jogoo chukua, mtani. Ila tunapitia bondeni kwanza. Mwanangu ana kiu."