Kigingi cha Mbuzi wa Kaluki

Mwaka wa 1984 Nzomo alitumwa na chuo chake karibu na Mbumbuni, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa teknolojia ya ujenzi, na kofia ngumu ya manjano ambayo, jamani, aliivua kanisani tu, tena shingo upande. Alikuja kusimamia ukuta wa kuzuia maji na mchanga mtoni, uliokuwa ukijengwa na kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana. Alitamani kitu kimoja: waache kumwita mwanafunzi. Lakini Kaluki, mwenyekiti wao, hakuwa na huruma.

"Mwanafunzi, songa kando, kazi isikuangukie."

Nzomo akapigilia vigingi ukingoni, akavuta uzi, akaweka pimamaji kuona usawa, akatoa amri kwa sauti nzito ambayo haikuwa yake. Wiki tatu kina mama walibeba mawe wakiimba, na nusu ya nyimbo zilimcheka yeye.

Siku mbili kabla ya mwalimu wake kuja kumpa alama, alipima tena kwa kujifurahisha tu. Moyo ukamlipuka. Upande wa kushoto ulikuwa chini shibiri nzima! Mafuriko yangepitia hapo, yamege ukingo na kuuzunguka ukuta. Akaenda kukagua kigingi alichopimia. Hakikuwa chake: kilikuwa na kamba, na kwenye kamba, mbuzi akitafuna.

Kwa macho, ukuta ulipendeza. Angenyamaza, angepata alama zake na kwenda zake kabla ya mvua. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hata hivyo akamwendea Kaluki.

"Mwaitu," akasema, kama anayemwita mama yake mzazi, "nimekosea. Upande ule tubomoe plasta, tupandishe mawe."

"Umekosea wapi?"

"Nilipimia kigingi cha mbuzi wako."

Kina mama walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Kaluki hakucheka. Alitazama mawingu.

"Mvua iko karibu. Jiwe ya kwanza beba wewe."

Akabeba, siku mbili, mpaka mabega yakachubuka.

Mwalimu alipofika, aliona saruji mbichi upande mmoja.

"Nani alikosea hapa?"

"Ni mimi," Nzomo akasema. "Nikapima tena, tukarekebisha."

Mwalimu akaandika, akaandika. Kaluki ndiye aliyechoka kungoja.

"Mwalimu, andika haraka. Na ukimaliza kusomesha injinia yetu, uturudishie. Tuko na mto ingine."