Zambarau Iliyogeuka Manjano

Idder aliuza dawa za miti shamba mjini Sefrou, nchini Moroko, na sisi majirani tulimjua kwa ubishi wake na kwa harufu ya zaatari, yale majani makali ya mlimani, iliyoganda kwenye joho lake. Figo zilipomharibikia, alianza kwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Kila mara alirudi amenuna.

Binti yake, Tuda, alifanya kazi katika maabara ya chuo kikuu huko Fes, akipima kama mimea ya kienyeji inazuia seli za mwili kuchakaa. Siku moja, ili amchangamshe mzee, akampeleka akaone. Alidondosha maji ya zaatari ya dukani kwao kwenye kimiminika cha zambarau, ambacho hubadilika rangi mmea ukiwa na uwezo huo. Rangi ikafifia, ikageuka manjano.

"Hii ina nguvu kweli, Baba!" Tuda akasema huku akicheka.

Wiki hiyo hiyo Idder akagoma kwenda hospitali.

"Baba, lile lilikuwa jaribio la chupani. Chupa haina figo."

"Kumbe ulinipeleka kutazama mazingaombwe?"

"Zaatari haisafishi damu. Nakuomba, twende."

"Binti yangu, miaka yote mnaniita mganga njaa. Leo maabara yenu yenyewe imenikubali, halafu mimi ndiye niikatae dawa yangu?"

Tuda alilia, akaita wajomba, akamleta daktari mpaka nyumbani. Imamu naye akaja. Mzee aliwamiminia wote chai, akawasikiliza kwa adabu, kisha akanywa zaatari yake. Miguu ikavimba hata viatu havikuingia. Pumzi ikawa fupi. Walipombeba hatimaye, hakuwa na fahamu za kukataa. Alifia njiani, kichwa mapajani pa Tuda.

Matangani, mama mmoja wa mtaa wa pili alimsogelea Tuda.

"Pole, mwanangu. Mume wangu naye ni figo hizo hizo. Nigawie ile zaatari uliyoipima, marehemu alitusimulia."

"Mama, haikumponya baba."

"Siku zake zilifika tu. Dawa ina kosa gani? Si wewe mwenyewe uliona ina nguvu?"

Tuda akamshika mkono, akamweleza upya tangu mwanzo, taratibu. Yule mama alimsikiliza kwa huruma, akimpapasa begani. Tuda alipomaliza, mama huyo akamuuliza zaatari inachemshwa kwa muda gani.