Kengele au Daraja

Jina la Kasuku alipewa na mtaa, si na wazazi. Tangu yuko shule ya msingi alikuwa akishinda katika karakana ya kaka yake, fundi makochi, akisema kwa mdomo yale ambayo kaka yake aliyasema kwa mikono. Kaka yake alikuwa kiziwi. Homa ilimchukulia masikio kabla hajajua kuita mama, na kwa kuwa shule ya kumpokea haikupatikana hadi alipokuwa kijana mwenye ndevu, yeye na dada yake walijitengenezea lugha yao wenyewe ya mikono, nyusi na mashavu. Ilianza kwa kuombana maji, ikaishia kwa kuwasengenya majirani mbele ya macho yao.

Ukalimani ule ulikuwa na ujanja wake. Kuna mteja alirudisha kochi lililobonyea, akalalamika kwamba sponji ilikuwa hafifu. Fundi akalitazama kochi, akamtazama mteja kuanzia kiunoni kwenda chini, kisha akarusha mikono: mwambie kochi halina kosa, mzigo ndio mkubwa. Kasuku akamgeukia mteja kwa heshima zote, akamwambia fundi anaomba radhi na ataongeza sponji. Mteja akaondoka ameridhika. Fundi alipoliona lile tabasamu alijua fika kwamba maneno yake hayakufika kama yalivyotoka, akamtupia dada yake kipande cha sponji kichwani. Mama yao, aliyekuwa akishona foronya za mito pembeni, hakuinua hata macho. Alikwisha kuwazoea.

Kasuku alipomaliza sekondari, mwalimu wake wa fasihi ndiye aliyemtia wazo la kusoma nje. Alimweleza kuhusu vyuo vidogo vidogo ambavyo mwanafunzi huanza kwa kuonja kila kitu, hesabu, historia, hata uchoraji, ndipo achague pa kubobea. Madarasa ni ya watu wachache, na mwalimu anakujua kwa sura na kwa shida zako. Kasuku akaomba nafasi huku na kule, na katika maombi yake akaeleza habari za lugha ya nyumbani kwao. Vyuo viwili vikamkubali, na vyote viwili vikasema vitabeba gharama zake zote.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Chuo kimoja kilikuwa na mnara wa kengele kwenye picha zake, na cha pili kilikuwa kando ya daraja la mawe. Fundi akavipa majina siku hiyo hiyo. Cha kwanza alikitaja kwa kutikisa kiganja kama anayepiga kengele, na cha pili kwa kulaza mkono mmoja juu ya mwingine. Nyumba nzima ikawa inasema Kengele na Daraja, mpaka mama akaanza kuvitaja kwa mikono huku akikoroga chai.

Chuo cha Daraja kilikuwa katika mji wenye shule ya viziwi, na watu wazima viziwi wa mji huo walikuwa na ukumbi wao wa kukutana kila wiki. Lakini chuoni kwenyewe lugha za alama hazikuwa somo. Chuo cha Kengele hakikuwa na kiziwi hata mmoja kwa karibu, ila kilikuwa na Profesa. Mama huyu mtu mzima alizifundisha lugha za alama peke yake, idara nzima ni yeye. Alikuwa amesoma maombi ya Kasuku, akampigia simu ya video yeye mwenyewe, wala hakutuma msaidizi. Alisema lugha kama ile yao, iliyozaliwa kati ya watu wawili ndani ya karakana, ni jambo la nadra, na angependa kuiona kwa macho yake.

Fundi hakupenda kurekodiwa. Alisema yeye si tumbili wa maonyesho. Kasuku ndiye aliyembembeleza, akamwambia ni kwa ajili ya masomo yake na kwamba mama huyo ni mtu mwema. Basi wakawa wanaegemeza simu kwenye kopo la gundi, Fundi anavuta kitambaa na kugonga pini za stepla huku akieleza jinsi wanavyosema mvua, uvivu, shangazi, deni, harusi. Profesa alikuwa mwepesi ajabu. Baada ya wiki chache alianza kujibu kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa lugha yao, si ya vitabuni. Fundi alilainika. Akampa hata jina la mkononi, vidole viwili vikisukuma miwani juu ya paji la uso, kwa sababu Profesa hakuacha kufanya hivyo. Kabla yake hakuna mtu wa nje aliyewahi kuingia katika lugha ile. Hata mama alijua nusu tu.

Hata hivyo, kaka mtu hakubadili mawazo. Siku moja, wakiwa wanabandua ngozi ya kiti cha zamani, alimwambia dada yake aende Daraja.

"Kule kuna mikono mingi," alisema. "Kwa huyu iko miwili tu."

Kasuku akamjibu kwamba miwili inayojua kufundisha inatosha. Wakabishana mpaka mama akaomba wapunguze fujo, maana walikuwa wakipigana vikumbo kwenye meza ya kushonea.

Wiki ya mwisho ya kuchagua, katikati ya kurekodi, Fundi aliweka stepla chini, akafuta mikono kwenye suruali na kuikabili simu. Akainua nyusi juu kabisa, kama wafanyavyo wanapouliza.

"Wewe, dada yangu akija, utakuwepo?"

Kasuku alifungua mdomo atafsiri, lakini Profesa alikuwa amekwisha kuelewa. Alitazama pembeni. Kisha akasimamisha vidole viwili juu ya kiganja, barabara, kama mtu aliyesimama juu ya ardhi yake.

"Nipo."

Kisha akaongeza kwa mdomo, "Mwambie nitakupokea mimi mwenyewe."

Jioni hiyo Kasuku aliikubali nafasi ya Kengele. Kwa Daraja aliandika shukrani na kuomba radhi. Wakamjibu kwa upole kwamba nafasi yake imekwenda kwa mwingine.

Alifika chuoni mwishoni mwa majira ya joto. Kengele ilikuwepo kweli, ikilia kila saa kana kwamba watu hawana simu. Alipoweka tu mizigo bwenini, akiwa bado na nguo za safari, alikwenda kuitafuta ofisi ya Profesa na mfuko wa zawadi mkononi. Ndani mlikuwa na kifuniko cha mto ambacho mama alikitarizi kwa siri, akiongeza ua kila alipopata uzi wa rangi nyingine. Mlango ulikuwa wazi. Chumbani mlikuwa na viti vilivyopandana, mashine mbovu ya kutoa nakala, na rafu tupu.

Karani wa jengo alimkuta amesimama pale. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kupenda kusaidia wageni. Akauliza anamtafuta nani, na alipotajiwa, uso ukamshuka.

"Kwani hukuambiwa?" alisema. "Alihama. Yuko Daraja sasa."

Kasuku alidhani hajasikia vizuri. Karani akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba habari zile zilikuwa za kitambo. Profesa aliwaaga wenzake tangu mwanzo wa mwaka, wakamkatia na keki. Chuo cha Daraja kilimtaka kwa sababu ya ile shule ya viziwi. Huku hakuna aliyeajiriwa badala yake, na masomo yake yameondolewa kwenye ratiba.

Mwanzo wa mwaka. Kasuku akahesabu miezi kwa vidole mle mle ofisini, mbele ya yule karani. Siku Profesa aliposimamisha vidole viwili na kusema yupo, keki ya kuagana ilikuwa imekwisha kuliwa zamani.

Hakulia. Alirudi bwenini, akakaa kitandani na mfuko wake mapajani. Alipompigia Profesa, Profesa alipokea kwa furaha, akampa pole, akasema mambo ya ajira yana utaratibu wake na alikuwa amefungwa mdomo hadi chuo chake kipya kitangaze. Alimpa moyo kwamba Kengele ni chuo kizuri. Kasuku akauliza kama anaweza kuhamia Daraja, na Profesa akasema ataulizia. Aliulizia kweli, au hakuulizia, hilo halijulikani. Kilichojulikana ni kwamba Daraja hawatoi ufadhili kwa mgeni anayehamia, ila kwa anayeanza nao. Mlezi wa wanafunzi wa Kengele alimshauri ajaribu takwimu, au tamthilia, kwa vile anapenda kutumia mikono.

Nyumbani aliwaambia kwamba mambo yako sawa. Kwenye video alimwonyesha kaka yake mnara, theluji ya kwanza, chakula cha kwenye trei. Fundi kila mara aliuliza kuhusu Miwani, kwa vile vidole viwili vya kwenye paji, na kila mara Kasuku alijibu kwamba ana kazi nyingi. Maisha yake yote alikuwa akilainisha maneno ya kaka yake kwa ajili ya watu. Sasa alikuwa akimlainishia kaka yake maneno ya watu.

Muhula wa pili, wanafunzi kadhaa walipanda basi kwenda Daraja kusikiliza mhadhara wa wazi wa Profesa. Kasuku naye akapanda. Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa viziwi wa mji ule, wakizungumza kwa mikono huku wakicheka mpaka wanashika mbavu, na Kasuku akawatazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani za meza nyingine.

Kisha taa zikapunguzwa, na ukutani, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, akatokea kaka yake. Suruali ile ile ya kazi, pini za stepla mdomoni, meza ya kushonea ikionekana pembezoni. Profesa akaeleza kwamba katika lugha hii ndogo ya familia moja, swali hutambulika kwa nyusi. Akaomba watu watazame.

Fundi akaweka stepla chini. Akafuta mikono. Akainua nyusi juu kabisa.

"Wewe, dada yangu akija, utakuwepo?"

Picha ikasimama hapo, nyusi zikiwa juu. Profesa akazionyesha kwa kijiti, akaeleza zinapoanzia kupanda na zinaposhukia. Watu wakaandika. Akairudia video, kisha akairudia tena, na kila mara Fundi aliuliza, na kila mara ilikatwa kabla hajajibiwa.

Mhadhara ulipokwisha, Kasuku alisubiri hadi wapongezaji walipopungua. Profesa alipomwona alifungua mikono kumkumbatia. Kasuku hakusogea.

"Ile sentensi alikuuliza wewe," alisema. "Jibu lake umelipeleka wapi?"

"Halikuhusiana na mada," Profesa alisema. "Nilikuwa nazungumzia maswali tu."

"Ulimwambia upo. Kwa mikono yake ulimwambia."

Profesa alisukuma miwani juu ya paji, akatazama kama kuna mtu anayesikiliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na pengine hilo ndilo neno pekee la kweli alilowahi kumpa Kasuku, "Nilihofia nikisema ninaondoka, angeacha kuzungumza."

Kasuku akaomba video zile zisionyeshwe tena. Profesa akamkumbusha kwa upole kwamba ruhusa ilitolewa, tena kupitia kwake. Lilikuwa kweli hilo. Yeye ndiye aliyembembeleza kaka yake.

Wiki hiyo alimweleza Fundi kila kitu, bila kulainisha hata neno moja. Alimweleza mlango, keki, ukumbi, nyusi ukutani. Fundi alitazama mpaka mwisho. Hakutukana, yeye ambaye hakujua kubana tusi. Aliuliza jambo moja tu, tangu lini dada yake alijua, na alipojibiwa akanyoosha mkono, akailaza simu kifudifudi juu ya meza. Kasuku akabaki anatazama giza, akisikia stepla ikigonga.

Walirudi kusemezana, lakini kwa uchache, na Fundi hakukubali tena kuongea kwenye simu. Salamu zilipitia kwa mama. Kasuku akasoma takwimu, akafaulu. Alipata marafiki, akajifunza kupika kwenye jiko la bweni, na ipo siku aligundua kwamba anaota ndoto ambazo ndani yake hakuna anayetumia mikono.

Likizo ya mwaka wa tatu ndipo alipopata nafasi ya kwenda nyumbani. Kaka yake alikuwa ameoa. Mkewe, fundi cherehani, naye alikuwa kiziwi. Walikutana alipoleta kiti cha cherehani kitiwe sponji mpya. Alikuja na mikono ya shuleni kwao, Fundi akaja na ya karakana, wakazichanganya. Mama naye, ambaye zamani alijua nusu, alikuwa amejifunza kwa mkwewe na sasa alikuwa akibisha nao kuhusu bei ya vitambaa.

Kaka yake alimpokea vizuri, akambebea begi, akamshika kichwa kama zamani. Mezani wakaanza kuzungumza wote watatu kwa mpigo. Kasuku alishika neno hapa, neno pale. Wakacheka, naye akacheka, amechelewa, bila kujua wanacheka nini. Alipouliza kitu kwa ishara ya zamani, kaka yake alisita kidogo kabla ya kuelewa, kama mtu anayesikia neno lililotumiwa na babu yake.

Wifi yake ndiye aliyeona. Alisogeza sahani kando, akamgeukia, na kuanza kulirudia lile lililowachekesha polepole, ishara moja baada ya nyingine, akisubiri kila mara hadi Kasuku aitikie kwa kichwa kwamba amefuata.