Zamu ya Kupumua

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Akishona, huimba wimbo wa kale wa Kilatini wa kumsifu Mama Maria. Zamani aliuimba na dada yake kwa kupokezana pumzi: mmoja akipumua, mwenzake anashikilia sauti ili wimbo usikatike. Tangu dada yake afariki, kila akifika pa kupumua, wimbo unakatika na cherehani inanyamaza.

Jana nilikuwa naosha vyombo. Wimbo ulipokatika, nikaishikilia ile sauti, mbovu kama bawaba isiyo na mafuta. Cherehani ikaendelea.

“We mkwe, unaimba vibaya!” akafoka.

Nikanyamaza.

“Sasa mbona umeacha, mwanangu? Mimi nitapumua saa ngapi?”