Kitanda Kipo, wa Kulala Hayupo

Saa tatu asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anafungua mlango wa chumba cha mapumziko katika ofisi ya kutetea wanawake. Anachungulia kitandani. Foronya bado ina mikunjo ya dukani.

"Mwezi wa tano huu tangu kitandikwe," anamwambia mwandishi aliyekuja kumhoji. "Mto haujajua kichwa cha mtu."

Wenzake humwita Mama Pokea. Kwa miaka tisa ameshika simu ya dharura, ambayo namba yake imebandikwa zahanati na kwenye milango ya vyoo vya sokoni. Waliopigwa humpigia. Waliofukuzwa humpigia. Wengine hunong'ona wakiwa wamejifungia bafuni. Kwa siku hupokea simu kama thelathini.

Simu hiyo ina sheria moja: haiachwi mezani. Hutoka mkono hadi mkono. Anayetoa huuliza, "Umeishika?" Anayepokea hujibu, "Nimeishika."

Zamani walikuwa watatu wa kuipokezana. Mmoja aliolewa mbali, mwingine presha ilimwangusha akaacha kazi. Tangu mwaka jana, Mama Pokea hana wa kumuuliza.

Inaita. "Haloo, mwanangu. Usilie kwanza, nijibu. Ufunguo unao? Mtoto yuko wapi? Haya, mbebe."

Anapomaliza, mkurugenzi anapita na mafaili kwapani.

"Mama Pokea, leo ulale japo nusu saa. Chumba tumekuwekea."

"Simu utaishika wewe, bosi?"

"Mimi nina kikao."

"Cha nini?"

"Cha mapumziko ya wanaharakati."

Mpika chai anacheka hadi sinia linatikisika. "Makubwa! Mwenye njaa anasomewa menyu!"

Mama Pokea hacheki. Anakumbuka semina ya kujitunza waliyopelekwa mwaka huu. Mkufunzi aliwaambia wazime simu, wafumbe macho, wavute pumzi.

"Yangu ikaita, wote wakanigeukia kama nimeingia na mbuzi," anasema. "Nikatoka nje. Pumzi walivuta wao."

Nyumbani ana binti mmoja, yuko kidato cha pili. Juzi binti alikuwa akimsimulia mama yake kisa cha mwalimu wao, simu ikaita. Mama alipomaliza kuongea, binti alikuwa ameshaosha vyombo.

"Endelea, mwanangu. Akafanyaje huyo mwalimu?"

"Basi tu. Wewe ni mama wa wanawake wote, isipokuwa mimi."

Mama Pokea ameandika barua ya tatu kuomba aletewe mwenzake mmoja, naye apate Jumapili ya kupumzika. Mbili za kwanza zilijibiwa kwa maneno matamu: yeye ni nguzo, na nguzo haichoki.

"Hii wakiikataa, nitamwekea bosi simu kiganjani mbele ya kikao chake. Nitamuuliza, umeishika? Akijibu, nakwenda kulala."

Halafu anaifuta simu kwa upindo wa kanga ingawa ni safi.

"Kuna Jumapili moja, saa nane mchana. Iliita. Nilikuwa nimekaa, naiangalia. Ikaita tena, mara sita. Sikuipokea. Baadaye niliipigia namba hiyo, haipatikani. Mpaka leo haipatikani."

Anainua macho, anamtazama mwandishi.

"Daftarini niliandika mtandao ulikuwa mbovu. Haukuwa mbovu. Nilikuwa nimechoka. Andika hivyo hivyo."